Kimya Baada ya Tatu

Sikurudi Kampala kutembea milima. Nilirudi kuchukua namba ya mama yangu, na tangu asubuhi ya kwanza nilijua kwamba hakuna aliyetaka kunipa.

Namba yenyewe ni nne. Kikundi chetu ni cha wanawake wa Naguru, wake na mabinti wa askari polisi. Zamani, waume walipopelekwa Kibuli kwa mafunzo, wake zao hawakuwa na nauli ya kwenda kuwaona. Wakaenda kwa miguu, mstari mmoja, kila mmoja na namba yake, ili asipotee mtu katika msongamano wa mjini. Waume walistaafu, wengi wameshakufa, na vile vijumba vya bati vya duara tulimozaliwa vilibomolewa. Wanawake hawakuacha kutembea. Mara moja kwa mwaka, Jumamosi na Jumapili, wanatoka Naguru, wanapanda Kololo, wanapanda Mulago, wanalala Kyebando, na kesho yake wanashuka kupitia Nakasero mpaka Kibuli, juu kabisa, karibu na msikiti. Kwa siku hizo mbili hawaitani majina. Wanaitana namba.

Mwenye namba akifa, namba yake hukaa kimya. Katika hesabu, mmoja anapaza sauti "Tatu!", halafu mstari mzima unanyamaza muda wa pumzi moja, halafu "Tano!" Yanapofika matembezi yanayofuata namba hiyo hutolewa upya, pale pale Kibuli, kwa binti wa marehemu kama yupo na kama ametembea njia yote, ama kwa mwingine ambaye namba moja atamchagua.

Mimi ni binti na nilikuwepo. Nilidhani hayo yalitosha.

Nilipewa namba yangu mwenyewe, tisa, mwaka niliomaliza shule ya sekondari. Nilitembea nayo mara tatu, kisha nikaondoka. Miguu yangu haikujua kutulia. Nimekaa Arua, Bunia, Kisumu, Mombasa, Juba. Kila mji niliupenda kwa miezi minane hivi, halafu nikaanza kuukumbuka ule uliotangulia. Nilipokuwa Bunia nililia kwa ajili ya chapati za Arua. Nilipokuwa Mombasa nilitamani baridi ya asubuhi ya Bunia. Naguru niliikumbuka kila mahali, lakini niliikumbuka kama mtu anavyokumbuka kitu ambacho hakiwezi kwenda popote. Mama alipougua nilikuwa Juba, nikiwapikia wajenzi wa barabara. Alipokufa nilikuwa Juba. Kikundi kilimsafirisha kumzika kwao kaskazini, na mimi nilifika wiki tano baadaye, nikakuta mtu ameshapanda maboga kando ya kaburi.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya lango la ile iliyokuwa kambi yetu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na jua lilikuwa limeshatoka kwa namna inayomfanya mtu wa Kampala atazame juu kwa mashaka.

"Huyu nani?" aliuliza namba moja, ingawa alinibeba mgongoni nikiwa mchanga.

Namba moja alikuwa sajini wa polisi. Amepita miaka sabini, amefunga magoti bandeji, na filimbi yake inaning'inia kwa kamba ya kiatu. Hata wajukuu zake humwita Afande.

"Ni mtoto wa namba nne," akasema namba tano.

"Kumbe iko hai! Banange, sisi nalikuwa namaliza kulilia yeye."

Wakacheka wote. Afande husema Kiswahili cha kambini, kile kisichojali ngeli wala nyakati, na sisi tuliokulia pale tunakielewa kuliko kile cha darasani.

"Jambo, Afande," nikasema.

"Jambo sana. Wewe nataka nini?"

"Namba ya mama."

"Hiyo namba watu wawili iko natafuta." Akaelekeza filimbi upande wa pili wa lango. "Wewe, na ule."

Yule alikuwa mwanamke Mkongo mwenye umri kama wangu, mnene kidogo, ameshika mwavuli. Nilimjua kwa kusikia. Anauza vitenge mjini, na alikuwa mpangaji katika chumba cha uani cha mama kwa miaka minne ya mwisho. Sikutazama uso wake. Nilitazama sweta aliyovaa, ya kijani, yenye kifungo kimoja cheusi kati ya vifungo vyeupe. Kile kifungo nilikishona mimi, nikiwa na miaka kumi na mbili.

"Na mwavuli huo utauacha hapa," namba tano akamwambia. "Sisi tunatembea na kavera. Mama zetu hawakuwa na miavuli."

"Kavera ni nini?"

"Plastiki. Kama hii." Akampa karatasi ya plastiki nyeusi, kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, kisha akanigeukia. "Wewe unayo, mtalii, ama tukutafutie?"

Namba tano na mimi tulilala kitanda kimoja utotoni kila baba yake na baba yangu walipokuwa zamu ya usiku. Nilikuwa na kavera yangu; niliitoa mfukoni nikaikunjua mbele yake.

Afande akagawa nafasi. Wasio na namba hutembea nyuma, na wa mwisho kabisa ndiye mkia. Kazi ya mkia ni moja. Mstari hauruhusiwi kugeuka nyuma, kwa sababu mama zetu waligundua kwamba wanawake kumi na wanne wakigeukageuka hawafiki. Mkia peke yake ndiye anayegeuka. Hesabu ikimfikia, anatazama nyuma, na kama hakuna aliyebaki anasema, "Mkia, wote." Akishasema hivyo, mstari unaondoka.

"Wewe ndiyo mkia," Afande akaniambia. "Wewe najua kupotea sana. Sasa zuia wengine hapana potea."

Akapiga filimbi.

"Moja!" akasema mwenyewe.

"Mbili!"

"Tatu!"

Kimya. Gari lilipita, na mahali fulani ndani ya uzio mtu alikuwa akifagia. Ule ufagio ulifagia mara mbili kabla ya sauti iliyofuata.

"Tano!"

Wakaendelea mpaka nane, na kutoka nane wakaruka kwenda kumi bila hata kupumua. Namba yangu ilikuwa imefutwa. Hilo halikuniuma, au nilijiambia halikuniuma. Nilikuja kwa ajili ya nne.

"Kumi na nne!"

Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na lango tu.

"Mkia, wote," nikasema.

*

Mvua ya kwanza ilitukuta kwenye mteremko wa Kololo, kati ya kuta ndefu za watu wenye mbwa. Ilinyesha dakika kumi, tukajifunika kavera, ikakatika, na jua likatupiga mpaka plastiki zikaanza kutoa mvuke. Tulipofika chini ilinyesha tena. Mstari haujikingi mvua isipokuwa chini ya paa moja linalotosha wote, na mtu mmoja akipanda bodaboda matembezi yake yamekwisha. Waendesha boda walizijua sheria zetu, au walizihisi. Walitufuata taratibu wakiimba, "Mama, twende! Mama, utayeyuka!"

Yule Mkongo alitembea mbele yangu. Hatua zake zilikuwa fupi, viatu vyake vilikuwa vya ngozi vya kwenda kanisani, na kila tulipopanda alikuwa akinong'ona kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni sala. Nilipomkaribia nikasikia kwamba alikuwa akiutukana mlima. Ningeweza kumpenda kwa hilo. Lakini ile sweta ilikuwa imelowa mgongoni na imekamata umbo lake, siyo umbo la mama, na kwa kilomita tatu sikuwaza kitu kingine.

Juu ya Mulago tulipumzika. Korongo wale vipara wa jalalani walikuwa wamesimama juu ya ukuta wakitutazama kama wenye nyumba. Mkongo akafungua chombo cha plastiki, akaninyooshea mkono.

"Kula dada. Ni mihogo."

"Hiyo sweta nani alikupa?"

Alikitazama kifungo cheusi, siyo mimi. "Mama alinipa. Alisema nivae, baridi ya huku itaniua."

"Mama yako?"

"Mama yenu," akasema. Akafunga chombo.

Filimbi ikalia, tukaanza kushuka kuelekea Kyebando.

Kyebando tulifikia nyumbani kwa namba kumi na moja, aliyehamia huko baada ya kambi kubomolewa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua lilikuwa limerudi, na wanawake walikaa uani kwenye mikeka wakiosha miguu katika mabeseni. Harufu ya maharage ilitoka jikoni. Hiyo ndiyo jioni niliyoibeba kichwani miaka yote, katika kila mji. Ile mikeka, mabeseni, mtu anayelalamikia kidole chake. Sasa nilikuwa ndani yake, na hakuna aliyenisogezea beseni.

Nilijichotea maji mwenyewe kwenye ndoo. Namba tano alikuwa ameinama akimkagua Mkongo malengelenge.

"Viatu hivi nani alikushauri?"

"Mchungaji."

"Basi kesho mchungaji aje apande navyo Kibuli." Wote wakacheka, na Mkongo akacheka kuliko wote.

"Na mimi nina malengelenge," nikasema. Nilitaka iwe mzaha.

Namba tano hakuinua kichwa. "Wewe si umezoea kutembea? Arua, Bunia, wapi tena? Ulituma salamu kutoka kila mahali. Picha ya bahari ulituma. Mama yako aliibandika juu ya kitanda, akawa anaitazama miguu ikimvimba."

"Sikujua alikuwa anaumwa hivyo."

"Kwa sababu hukuuliza." Akakung'uta maji mikononi. "Usiku miguu yake ilikuwa baridi kama bomba. Huyu hapa alikuwa anaishika mpaka inapata moto. Siyo mara moja. Halafu unakuja kuuliza habari ya sweta."

Kwa hiyo Mkongo alikuwa amemweleza. Nilimtazama, naye akanitazama bila aibu, na hapo nikamchukia sawasawa, chuki safi isiyo na maswali, ile inayokuja mtu anapokuwa amefanya kitu ambacho ulipaswa kukifanya wewe.

"Kesho Afande atatoa namba," nikasema. "Desturi inasema binti."

"Desturi inasema binti aliyetembea," akajibu. "Tutaona nani atafika."

*

Jumapili asubuhi hapakuwa na wingu hata moja. Tulishuka Kyebando tukiwa wakavu, tukapita chini ya Mulago, na juu ya Nakasero Afande akaturuhusu kununua gonja, zile ndizi za kuchoma zinazonata menoni. Kibuli ilionekana ng'ambo ya mji, msikiti wake mweupe juu, na mtu angeapa kwamba ni mwendo wa nusu saa. Tukashuka kuingia mjini. Ilipofika saa nane mchana, tukiwa katikati ya maduka yaliyofungwa, upepo ukavuma kutoka ziwani ukiwa na harufu ya vumbi lililolowa. Wauzaji wa barabarani wakakunja turubai zao bila kuambizana. Hao ndio wa kuwatazama Kampala, siyo mawingu.

Mvua ilishuka kama mtu amemwaga beseni.

Kati ya mji na mlima wa Kibuli kuna reli, na kabla ya reli kuna mtaro mkubwa unaobeba maji machafu ya mji. Njia yetu huvuka kwenye kijidaraja cha zege kisicho na kingo, upana wa mtu mmoja na nusu. Tulipofika, maji yalikuwa yanapita juu ya zege, kimo cha kifundo cha mguu, ya rangi ya chai, yakibeba chupa na majani ya migomba. Kulikuwa na daraja kubwa la magari mbele, lakini ni mzunguko mrefu, na Afande hajawahi kuzunguka.

Walivuka mmoja mmoja, kila mmoja ameshika kavera ya aliye mbele. Kumi na wawili walivuka. Mkongo akasimama.

"Vuka," nikamwambia.

"Niko naogopa. Ngoja kidogo maji yapungue."

"Hayatapungua leo. Vuka."

"Ngoja, dada. Wewe ndiye mkia. Walisema mkia anangoja."

Kweli walisema hivyo. Mkia hamwachi mtu nyuma yake. Angeogopa nusu saa, mkia angengoja nusu saa, na mstari mzima ungesimama kwenye mvua upande wa pili. Nililijua hilo kabla sijaota matiti.

Nilimpita. Nilisogea pembeni, nikaweka mguu kwenye zege, nikahisi maji yakinivuta, nikavuka.

Upande wa pili Afande alikuwa ameshapiga filimbi, na hesabu ilikuwa inakuja kwangu. Mvua ilizimeza sauti, nikawa nasikia vipande tu. Mbili. Tatu. Ule muda wa pumzi moja. Tano. Wote walikuwa wamejifunika plastiki nyeusi na nyuso zimeelekea mlimani, kama inavyotakiwa.

"Kumi na nne!"

Nikageuka nyuma. Nasema hili kwa sababu baadaye ningeweza kudai kwamba sikuona. Niliona vizuri kabisa. Ile sweta ya kijani ilikuwa imesimama karibu na ukuta wa ghala, mkono mmoja umeinuliwa. Haukuwa mkono wa kuaga.

"Mkia, wote," nikasema.

Mstari ukaondoka.

*

Kupanda Kibuli kulinichukua muda mrefu kuliko milima yote niliyopanda maishani, na bado sikumbuki njia. Nakumbuka nilikuwa napanga maneno. Hakuwa na namba, kwa hiyo hesabu ilikuwa kamili. Alikataa mwenyewe. Atapanda boda na matembezi yake yatakwisha, na hilo litakuwa kosa lake. Kila sentensi niliijaribu kama mtu anavyojaribu kiatu dukani, na kila moja ilinitosha.

Tulipofika juu mvua ilikatika ghafla, kama ilivyokuja. Wingu likapasuka na mji wote ukang'aa chini yetu, mabati, lami, vioo. Wanawake wakavua kavera. Nyuso zikatokea. Namba tano akahesabu kwa macho, siyo kwa namba, kwa nyuso.

"Mkongo yuko wapi?"

Wote wakanitazama, maana ndilo swali la mkia.

"Hakuwa na namba," nikasema.

Hiyo ndiyo sentensi niliyoichagua kati ya zote.

Namba tano alinijia mpaka nikasikia harufu ya gonja mdomoni mwake. "Yuko wapi?"

"Kwenye mtaro. Upande wa pili. Aliogopa."

"Ukasema wote?"

"Nilisema wote."

Hakunipiga. Aligeuka akaanza kushuka mbio, mwanamke wa miaka arobaini na minne mwenye presha, na viatu vikimteleza. Nikamfuata. Nyuma nilimsikia Afande akiita, "Mkia! Simama!" lakini sikusimama.

Nilimkuta namba tano njia panda, ameshika kiuno.

"Unajua namba yako ilikaa miaka mingapi?" akasema huku anahema. Sikuelewa anazungumzia nini. Tulikuwa tunashuka upesi, bega kwa bega, macho yetu yakitafuta rangi ya kijani. "Hiyo tisa yako. Unajua nani alikuwa anaitikia? Mama yako. Kila mwaka. Anasema nne, halafu ikifika zamu yako anasema tisa. Kwa sauti nyingine, ya kujifanya msichana. Mwaka wa kwanza tulicheka. Mwaka wa kumi hakuna aliyecheka."

"Afande aliruhusu?"

"Afande alikuwa anatazama juu." Akafuta pua kwa kiganja. "Alidanganya hesabu ili wewe uwepo. Mama yako. Na wewe umeidanganya ili mtu asiwepo. Nenda, nenda, usinitazame mimi, tazama maji!"

Niliyatazama. Tulikuwa tumefika relini, na mtaro ulikuwa chini yetu. Kijidaraja hakikuonekana kabisa. Karibu na ukuta wa ghala hapakuwa na mtu. Nikafuata ukingo, nikiinama, nikitazama kila kitu kilichopita. Jani la mgomba. Dumu la manjano. Kitu cha kijani kilipita, nikakifuata kwa macho mpaka kilipogeuka na kuwa kipande cha turubai. Niliwahi kuona mito yenye watu ndani yake, katika nchi nilizotembea, na nilijua jinsi mtu anavyoelea. Nilitafuta hivyo hasa. Wakati huo namba nne ilikuwa imetoka kabisa kichwani mwangu. Nilitaka kuona kifungo cheusi juu ya nchi kavu, basi.

"Mnatafuta maiti?"

Sauti ilitoka juu, barabarani. Alikuwa amekaa barazani kwa mchomelea vyuma, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, kikombe cha chai mkononi. Namba tano akaanza kulia kwa sauti.

"Acha kelele," Mkongo akamwambia. "Mie nimevuka mito Kongo na risasi zikiwa nyuma. Unadhani nitakufa ndani ya mtaro wa Kampala?" Kisha akanitazama. "Nimengoja mkia. Nimengoja, nimengoja. Nikaona mkia unapanda mlima. Nikazunguka daraja la magari, na miguu. Sikupanda boda. Mwambie huyu fundi aseme."

Mchomelea vyuma akainua kinga yake ya uso. "Amekuja na miguu, nnyabo," akasema. "Amekuja anatukana."

Nikamwambia Mkongo pole. Nadhani nilisema pole. Akanywa chai yake yote kabla hajasimama, nasi tukamsubiri.

*

Juu, Afande alikuwa amekaa kwenye jiwe, magoti yamenyooshwa mbele, filimbi imeshikwa kwa mikono miwili. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha, na wanaume walikuwa wakipita kutoka msikitini wakitusalimu. Alisubiri wapite.

"Mkia sema."

Sikungoja Mkongo aseme kwa niaba yangu. "Niligeuka nyuma nikamwona. Nilimwona vizuri, Afande. Nikasema wote."

"Kwa nini?"

"Nilitaka namba."

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema, "Tss, mtoto wa namba nne!" kwa namna ambayo ilimtia aibu mama yangu, siyo mimi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Miaka yangu polisi," Afande akasema, "mtu nachelewa, nasamehe. Mtu nalewa, nasamehe. Mtu naleta hesabu ya uongo, huyo hapana." Akamgeukia Mkongo. "Wewe natembea yote?"

"Nimetembea na kuzidi, Afande. Kiatu kimoja kimebaki huko."

"Kiatu cha mchungaji," mtu akasema nyuma, na kicheko kidogo kikapita, kikafa.

Afande akampa namba nne. Hakuna sherehe. Huiweka filimbi kwenye kiganja cha mpokeaji, mpokeaji anapuliza mara moja, anairudisha. Mkongo alipuliza kwa nguvu mno, mpaka watoto waliokuwa wakicheza mpira wakasimama wakidhani ni refa. Nilitarajia atanitazama kwa ushindi. Alikuwa anatazama mguu wake usio na kiatu.

Nilikuwa na tiketi ya basi la Arua la Jumatatu, mfukoni, ndani ya kikaratasi cha plastiki. Nilikuwa nimeinunua kabla ya matembezi, kwa mpango wa kuondoka nikiwa na namba. Hivyo ndivyo nilivyopenda vitu vyangu siku zote, niwe navyo, viwe mbali.

"Na huyu?" namba tano aliuliza, bila kunitazama.

"Huyu nabaki mkia," akasema Afande. "Mpaka chini. Na mwaka mwingine, kama narudi, mkia. Mpaka najua kugeuka."

Tukapanga mstari kushuka. Namba nne mpya akaacha nafasi yake mbele yangu, akaenda kusimama nyuma ya tatu, na nikabaki natazama mgongo wa kumi na nne, ambao sikuujua. Mawingu yalikuwa yanakusanyika tena upande wa ziwa.

Filimbi.

"Moja!"

"Mbili!"

"Tatu!"

"Nne!" kwa lafudhi ya Kongo, haraka, kama mtu anayeogopa atapokonywa.

"Tano!" Hiyo ilitoka imekwaruza.

Sita, saba, nane. Nikawa nasikiliza baada ya nane. Hapakuwa na kitu. Walikwenda moja kwa moja kumi.

"Kumi na nne!"

Nikageuka. Nilitazama barabara yote ya juu, jiwe alilokalia Afande, watoto wa mpira, ukuta wa msikiti, mti ulio kwenye kona, na nyuma ya mti. Nikatazama tena kutoka mwanzo. Nilikawia.

"Mkia!" Afande akafoka kutoka mbele. "Wewe nalala?"

"Naangalia, Afande."

"Angalia haraka. Mvua iko nakuja."